Hema la Milango Miwili

Ukimpelekea Fundi hema, hakulitazama kwanza. Alilikunja, akalifunga kamba, akakupa ulishike kwa kidole kimoja, mkono umenyooka. Kisha aliketi kwenye stuli yake chini ya upenu, akamimina chai na kuanza kuinywa, tena bila haraka. Kidole chako kikianza kutetemeka kabla kikombe hakijaisha, alitikisa kichwa na kusema, "Hilo zito. Kapunguze." Nimemwona katibu tarafa akisimama pale na hema lake la ziara, jasho likimtoka puani, na watu wa barabarani wakipita kimya kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake inaweza kufika.

Jina lake nalijua, lakini Karatu yote ilimwita Fundi. Wengine walilazimika kuongeza neno: fundi saa, fundi redio, fundi baiskeli. Yeye alikuwa Fundi, basi. Cherehani yake ilikaa kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, na alishona turubai tu: mahema, vifuniko vya trekta, mifuko ya kubebea ngano. Mwanamke akija na gauni alimwonyesha duka la ng'ambo kwa kidevu, akaendelea na kazi.

Kabla ya cherehani alikuwa mtu wa mahema katika safari za wageni. Walikwenda kuwinda, walikwenda kutazama wanyama, na kila walipofika mahali pa kulala yeye na wenzake walishusha mizigo, wakasimamisha mahema, wakatandika vitanda, wakapasha maji ya kuoga. Asubuhi walikunja yote na kupandisha tena kwenye lori. Bega lake la kulia lilikuwa na nundu laini kama ya ndama, na alipenda kuipapasa akizungumza. "Hii ndiyo pensheni yangu," alisema.

Alisimamisha hema ukingoni mwa kreta mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na Engaresero, kule ziwani kwenye joto kali, alikokuita jikoni kwa shetani. Lakini ndani ya hema hakuwahi kulala hata siku moja. Watu wa kazi walilala chini ya lori. Nilipomuuliza kama hakutamani, alinijibu kwamba hata muuza majeneza hajilazi ndani kujaribu, halafu akacheka sana, zaidi ya mzaha wenyewe ulivyostahili.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona tabu. Alihubiri wepesi kutwa nzima, lakini koti lake lilibeba mkasi mkubwa wa chuma, kufuli lisilo na ufunguo, sindano za kushonea magunia, bonge la nta na nusu ya tofali la kunolea. Aliwasema wageni vibaya, eti wanalipa kuja kuumwa na mbu, lakini kazi ikimpendeza alisema "veri gudi" kwa sauti ambayo bila shaka aliiazima kwa mmoja wao. Kanisani alikaa benchi la mbele. Misa ikiisha alikwenda moja kwa moja kushona, na padri alipomgusia jambo hilo alijibu kwamba mvua nayo haina Jumapili. Padri alikuwa na kifuniko cha pikipiki kilichokuwa kikingoja foleni, kwa hiyo alinyamaza.

Mkewe alikaa naye upenuni, akichambua maharage. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyamavu, mzaliwa wa Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi. Kiswahili alikijua lakini alikitumia kidogo, kama watu walivyotumia sukari miaka ile ya uhaba. Kwa miaka mingi mimi nilimwona kama sehemu ya nyumba. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hainipendezi.

Mimi nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto, na nilijiona nesi hodari, jambo ambalo wagonjwa wangu hawakulibisha. Mwenzangu alikuwa Martina, msichana wa Kiiraqw kutoka Endamarariek, mwenye miguu ya kupanda mlima na mdomo wa kuuza sokoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Petroli ilikuwa ya mgao, tena mgao wa maneno tu, na Landrova yetu ilikaa juu ya mawe nyuma ya kliniki, kuku wakitagia chini yake. Chanjo zilikuwapo, watoto walikuwapo, gari hakuna. Tukaomba baiskeli mbili. Mganga mkuu wa kliniki alicheka, kisha alipoona hatucheki akatupa.

Wanawake wawili juu ya baiskeli walikuwa sinema tosha. Wazee walisimama shambani kututazama. Kijana mmoja alitukimbilia akitaka kujua waume zetu wamefanya kosa gani. Hayo hayakutusumbua. Kilichotusumbua ni barafu.

Chanjo ya surua haitaki joto. Tuliibeba kwenye boksi lenye vipande vya barafu kutoka friji letu la mafuta ya taa, na barafu hiyo ilidumu siku mbili, ukiongeza asubuhi ya tatu umebahatika. Ndani ya muda huo ilitubidi tupite vijiji vya njiani, tuchanje, tuteremke mpaka Baray. Kulala majumbani kwa watu hakukuwezekana, na si kwa ubaya wao. Ukilala kwa Mwiraqw amekuchinjia kondoo. Kondoo hachinjwi na kuliwa kwa saa moja, na asubuhi kaka yake anauliza kwa nini kwake hamkufika. Ukarimu ule ungeiyeyusha barafu kuliko jua. Kwa hiyo tulihitaji hema, na ofisi ilikuwa nalo moja.

Lilikuwa hema la serikali, turubai la kijani na nguzo za chuma. Martina alizifunga nguzo kwenye fremu ya baiskeli yake, mimi nikalifunga turubai kwenye keria pamoja na boksi. Siku ya kwanza mvua ilinyesha. Turubai likanywa maji na kuwa zito maradufu, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu tulisukuma baiskeli badala ya kuzipanda. Tulifika Baray siku ya tatu mchana. Akina mama walikuwa wamekaa tangu alfajiri kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Nikafungua boksi, nikatia mkono. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kumwogesha mtoto.

Chanjo iliyopata joto ni maji tu. Ukimchoma nayo mtoto, umemdanganya mama yake. Nikaimwaga shimoni mbele yao. Mama mmoja mwenye mtoto wa kike mgongoni aliniuliza kwa upole, "Kwa hiyo leo mmekuja kutusalimia?" Nilimwahidi kwamba tutarudi. Tuliporudi mwezi uliofuata, kwa trekta la kuomba, surua ilikuwa imetutangulia. Yule mama alikuja kunisalimia, na mgongoni hakuwa na mtu.

Hakunilaumu. Nilipata aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo, na nikaapa kwamba sitafika tena Baray na maji ya moto. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa Fundi.

"Shikamoo, Fundi. Tunataka hema la kulala watu wawili."

"Marahaba. Nani atabeba?"

"Nimesema la kulala watu wawili."

"Nimesikia. Kila mtu anakuja hapa ananieleza atakavyolala. Kulala nani asiyejua? Mimi nauliza nani atabeba."

Nikamweleza njia, boksi, barafu, siku mbili. Nikamweleza na lile shimo. Wakati nasimulia, mikono ya mkewe iliacha kuchambua maharage. Fundi alinituma nikalete hema la ofisi. Nililishika kwa kidole akiwa hajapuliza hata chai ikapoa, likaanguka miguuni pangu. Alilisukuma pembeni kwa kiatu.

Martina alikuwa na hema lake moyoni. Mwenye duka la vifaa alikuwa na moja la nailoni, rangi ya chungwa, lililoachwa na Wazungu wawili waliopita na baiskeli wakielekea Serengeti. Lilikuwa jepesi kama kanga mbili. Martina alilishika kwa kidole kidogo, Fundi akamaliza kikombe, akamimina cha pili, akakimaliza nacho, na kidole hakikutikisika.

"Si unaona?" Martina akasema.

"Naona. Sasa ingieni ndani."

Alilisimamisha uani, saa saba mchana, akatuingiza na birika la chai ya moto na kutufungia zipu. Tulikaa humo mpaka chai ikaisha. Pumzi zetu ziligeuka maji, zikatudondokea kichwani. Mlango ulikuwa mmoja, upande wangu, na Martina alipotaka kukimbia alinikanyaga tumbo. Tulipotoka tumelowa, Fundi alikuwa amesimama na ng'ombe wa jirani kwa kamba. Alimvuta ng'ombe asogee karibu. Yule ng'ombe alilitazama lile hema, akageuka, akaondoka na kamba na sehemu ya ua.

"Hajawahi kuona chungwa la ukubwa huo," Fundi akasema. "Na nyinyi mnakwenda kulala bomani, katikati ya ng'ombe."

Sisi hatukuwa na mpango wa kulala bomani. Tulitaka kulala porini, mbali na kondoo wa kuchinjwa. Hapo Fundi alikasirika kweli, mara ya kwanza kumwona hivyo. Alisema mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu na kwenda kulala porini amewatukana, na chanjo yake hawataitaka. "Usiwakatalie nyumba. Waombe uwanja. Mwenye nyumba akuonyeshe yeye mwenyewe mahali pa kupiga hema, karibu na mlango wake. Kwa Wamasai muulize mama, maana nyumba anajenga yeye. Akishakuonyesha, wewe ni mgeni wake, umelala kwake, na mbwa wake ni wako. Kondoo mwambie utamla ukirudi, boksi likiwa tupu."

Ushauri huo, zaidi ya hema lenyewe, ndio uliotuvusha. Miaka yote tuliyozunguka hakuna aliyetununia, na kondoo tuliowala wakati wa kurudi ni wengi.

Siku ya tatu tukarudi kwake bila hema wala tumaini la kupata kitambaa, kwa sababu miaka ile hata shuka ilikuwa habari ya kunong'onezana. Kwenye meza ya Fundi kulikuwa na vipande vya pamba nyembamba, iliyofumwa kwa kubana, rangi ya majani makavu, vikinuka dawa ya nondo.

"Kimetoka wapi?"

"Kimepatikana."

Neno hilo siku hizo lilifunga mazungumzo yoyote, nikaacha kuuliza. Niliona vipande vimekwisha kukatwa, na mistari ya chaki kwenye kingo imefifia, imezeeka. Nilidhani ni mabaki ya kazi ya mtu. Malipo hakutaka kuyasikia. Alisema serikali itamlipa siku Landrova itakaposhuka kwenye mawe.

Alishona siku nne. Nguzo alizitengeneza kwa mianzi ya mlima Oldeani, vipande vifupi vinavyochomekana kwa vibomba, ili vitoshe kwenye keria bila kumchoma mpita njia. Vigingi alivitoa kwenye spoku za pikipiki. Aliweka milango miwili, kila mtu na wake, kwa sababu alisema amesikia ugomvi wa wageni wa kila taifa na mwingi ulianza kwa mtu kumruka mwenzake akienda kukojoa. Watu wawili, alisema, washirikiane chumvi ya chakula, si mlango.

Mambo mawili sikuyaelewa. Upande mmoja ulikuwa mrefu kupita kiasi. Mimi na Martina ni wafupi, na upande ule ungemtosha askari wa gwaride. Upande wa pili, ule mfupi, ulikuwa na dirisha dogo la wavu, chini kabisa, usawa wa macho ya mtu aliyelala. Lilikuwa limeshonwa kwa mishono midogo sana, ya uvumilivu, tofauti na kazi yake nyingine yote.

"La nini hili?"

"Hewa."

"Na urefu huu?"

"Miguu nayo inajinyoosha. Shika."

Nikalishika kwa kidole. Fundi akanywa chai mpaka majani ya chini, akageuza kikombe. Kidole changu kilikuwa kimenyooka. "Veri gudi," akasema, lakini safari hiyo alisema polepole, akimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinamia maharage.

Tulifika Baray jioni ya siku ya pili. Nilipotia mkono kwenye boksi, vidole viliuma kwa baridi. Nililia mbele ya akina mama wote, na Martina akawaambia nina jino bovu.

Tuliliharibu mara moja, na kosa lilikuwa letu. Fundi alitufundisha kulipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya taa kila kabla ya masika, maji yasipenye. Mwaka mmoja mafuta ya taa yalikosekana, na ya friji hatukuthubutu kuyagusa. Martina akakumbuka kwamba nyumbani kwao bibi yake alilainisha ngozi kwa mafuta ya mkia wa kondoo, na mvua haikuingia. Tukalipaka hema lote, kwa upendo. Usiku wa kwanza bomani ulipita salama. Asubuhi, tulipokuwa tunachanja, mbwa wote wa eneo lile walikusanyika na kulilamba, kisha wakaanza kulitafuna. Tulirudi Karatu na hema lisilo na pindo.

"Ulisema mbwa wa mwenyeji ni wetu," Martina akajaribu.

"Ndiyo. Na mmempikia vizuri," Fundi akajibu. Alituweka wiki nzima bila kuligusa. Nilipita kila siku kumbembeleza, na kila siku alikuwa na kifuniko cha trekta cha haraka. Aliyemaliza ugomvi ni mkewe. Alisema neno moja tu kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, na kesho yake pindo lilikuwa jipya.

Yeye mkewe alikuwa na desturi moja nasi. Kila tulipotoka safari alituuliza, "Wa kule kwetu wazima?" Tukijibu wazima, aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye maharage. Nilichukulia ni salamu.

Kisha Baray ikapata zahanati yenye friji lake, na nesi wake anayelala papo hapo. Ilikuwa furaha, ingawa nilipopata habari nilikaa pembeni ya baiskeli yangu kidogo. Martina alikuwa ameolewa Mbulu. Nikalisafisha hema, nikalikunja, nikamrudishia Fundi. Nilifikiri atalipatia mtu mwingine wa kubeba.

Nilimkuta upenuni. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na miguu ilikuwa imevimba. Jicho la unesi lilinionyesha mengi ambayo sikuyasema. Alilipokea hema, akalining'iniza kwenye kidole chake mwenyewe. Kidole kilitetemeka mapema.

"Limeongezeka."

"Ni viraka, Fundi."

"Nani alishona hiki?" Alikuwa amekigusa kiraka cha Martina.

"Wa Endamarariek."

"Inaonekana. Alikuwa na haraka."

Mkewe akaweka ungo chini. Akaja, akalichukua hema kutoka mkononi mwake, akalinusa. "Bado linanuka sanduku langu," akasema kwa Kiswahili. Nikamtazama. Ndipo aliponieleza, kwa maneno machache, bila kuketi, kana kwamba anasimulia habari ya mtu wa jirani. Mgeni wa mwisho wa Fundi alimuuliza anataka zawadi gani, naye hakutaka saa wala viatu, alitaka jora la kile kitambaa. Miaka yote aliyowatandikia watu vitanda ukingoni mwa kreta, alirudi nyumbani na kumsimulia mkewe alichokiona. Mkewe hajawahi kupita getini. Kwa hiyo alikata hema la wawili, upande mrefu wake, upande mfupi wa mkewe, na dirisha usawa wa macho yake, ili aamke aone kreta kabla hajainua kichwa. Walikuwa wanangoja mavuno yaishe. Kisha nikaja mimi na habari ya shimo la Baray.

"Yeye alikataa," mama akasema, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Alisema atatafuta turubai jingine. Nikamwambia kreta nimeshaiona kwa mdomo wako. Watoto wa kwetu watakufa tukiitazama?"

Nilikosa pa kuweka uso. Miaka yote hiyo nililala kwenye upande wa mtu mwingine, nikalalamika kwamba ni mrefu. Nilianza kuomba msamaha, lakini mama akanikata. "Nilikuwa nakuuliza kila safari. Ulinijibu wazima. Basi."

Nikasema nitatafuta gari, tuende wote, hata kesho. Fundi alipapasa nundu yake. Alisema miguu hii haifiki hata kanisani. Kisha akainuka kwa fimbo na kuanza kunituma: nguzo hii huku, kigingi kile pale, vuta, si hivyo, Nesi, umezunguka miaka yote hiyo hujajua kuvuta kamba? Hema likasimama uani, mahali pale pale alipotuchemsha na chai.

Mama akavua ndara. Akainama, akaingia kwa mlango wake, akajilaza ubavu na kuliweka jicho kwenye dirisha. Upande ule kulikuwa na zizi la mbuzi la jirani na mgomba mmoja.

"Hapa naangalia wapi?" akauliza.

Fundi alikuwa amesimama nje, ameegemea fimbo, ukungu machoni. "Kreta," akasema. "Upande wa kushoto kuna ziwa, lile jeupe. Kile kinachotembea ni kifaru."

Mbuzi mmoja alipita. Mama alimfuata kwa jicho mpaka nyuma ya mgomba.

"Basi ingia," akasema. "Huku juu kuna baridi."

Fundi akanipa fimbo nimshikie. Alipiga magoti taratibu, akafungua mlango wa upande mrefu, akaingia ndani na viatu vyake.